Mbwa Amepata Nyumba, Mpishi Bado

Ngong Road, Nairobi
Novemba 1959

Bwana Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima, na naomba nafasi kidogo katika gazeti lako, maana nafasi kubwa umeshampa mbwa.

Mimi ni mpishi. Bwana na Memsabu wangu wanarudi kwao Uingereza mwisho wa mwezi. Nyumba imeuzwa, na kile chumba cha nyuma ninachokaa na mke wangu Milcah na watoto kimeuzwa pamoja nayo. Natafuta kazi. Mbwa wao, Meja, naye alikuwa anatafuta pa kwenda, na ameshapata. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlimtangaza Meja kwamba ni mpole, msafi na anapenda watoto. Mimi pia ni mpole na msafi, na watoto nawapenda hata wanapomwaga uji. Hakuna aliyenitangaza.

2. Waliomtaka Meja walimfuata nyumbani kwa motokaa. Mimi nimekwenda kwa miguu toka Adams Arcade mpaka Uthiru, na kwenye kila lango anayenipokea kwanza ni mbwa mwingine, ambaye hana haja na barua zangu za sifa. Nikimpita huyo, naulizwa kama nalewa na kama naiba. Meja hajaulizwa. Mguu wa kondoo wa Krismasi ulipopotea, Bwana Mhariri, aliyefokewa ni mimi, na Meja alikuwa chini ya meza, amelala fofofo kwa shibe.

3. Juzi niliamriwa nimwogeshe kwa sabuni ya Memsabu, apendeze mbele ya wageni. Nikamwogesha, nikamchana. Roho iliniuma sana.

4. Akikohoa, maana ni mzee, daktari huja.

Kwa hiyo naomba mnitangaze hivi: mpishi, hana viroboto, amechanjwa, hang'ati, anajua kuoka mkate. Na kama gazeti ni la mbwa tu, basi nitangazeni kama mbwa. Niko tayari kulala sebuleni karibu na moto na kula maini kila siku. Kubweka nitajifunza, Milcah anasema nikikosa tumbaku tayari nabweka.

Nisalimie makarani wako wote, mafundi wa mitambo, na hasa yule aliyeandika sifa za Meja. Ana mkono mzuri.

Ni mimi msomaji wako mwenye uchungu,
Tobias Ogutu

N.B. Barua hii ilikuwa bado mfukoni mambo yalipogeuka. Meja alichukuliwa na memsabu mmoja wa mtaa wa Karen, akagoma kula. Kumbe maini anayataka ya mkono wangu. Memsabu huyo amekuja mbio kunitafuta, Meja akiwa naye. Hakuuliza barua wala ulevi. Meja alijilaza juu ya miguu yangu, ikatosha, akaachwa kwangu. Jumatatu tunahamia Karen sote. Tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu. Meja ni mbwa mwenye heshima zake, na ule mguu wa kondoo huenda uliliwa na paka.

Ila memsabu amesema wazi kwamba kazi ni yangu maadamu mbwa yu hai. Leo asubuhi Meja amekohoa tena. Msomaji yeyote anayejua dawa ya kikohozi cha mbwa mzee, namwomba kwa jina la Mungu aniandikie upesi.