Mabaluni ya Siku ya Madereva

Jumatatu, 3 Juni 2013

Habari ya ajabu! Komite ya wazazi imenunua basi jipya. Si jipya kabisa, limetoka Japani likiwa limeshachoka kidogo, lakini viti vina sponji na mlango unafunga. Mlango wa basi langu naufunga kwa kamba.

Prefe, mkuu wa shule yetu hapa Majengo, ametutangazia sisi madereva wawili, mimi na Niyonsenga: Jumamosi ni siku ya kushukuru madereva. Watoto watatumwagia pudra, ile poda nyeupe ya mtoto, kichwani, kama wanavyomwagiwa walioshinda mtihani wa taifa. Kila mtoto atammwagia dereva anayempenda. Atakayekuwa mweupe zaidi ndiye atakayepewa basi jipya.

Niyonsenga! Mtu aliyekimbia vita Kibumba mwaka jana tu, na huko alikuwa anasafirisha makabichi. Mimi nimezeeka kwenye usukani na sijawahi kumsahau mtoto hata mmoja. Isipokuwa yule wa Pasaka, na yeye alilala chini ya kiti. Basi lile ni langu.

Jumanne, 4 Juni

Mkono mtupu haulambwi. Asubuhi nimegawa mandazi moto ndani ya basi, mimi mwenyewe, huku naendesha. Furaha kubwa! Wameimba jina langu mpaka shuleni. Kisha wakajifuta mikono kwenye mashati yao meupe.

Jioni akina mama walikuwa wananingoja getini. Mmoja aliniuliza kama nabeba wanafunzi au sambusa. Prefe naye akanikumbusha kwamba kula ndani ya basi linalotembea ni marufuku, mtoto anaweza kukabwa, na kibao kinachosema hivyo kiko nyuma ya kichwa changu. Nilimjibu kwamba ndiyo maana sijakisoma. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi milio ya bunduki imesikika mbali, upande wa Rutshuru. Prefe ameagiza tuwafundishe watoto la kufanya wakisikia masasi wakiwa ndani ya basi. Kazi ya jasho, na jua lilivyo kali! Papo hapo goti langu likaanza kuuma. Nikamwomba Niyonsenga awachukue na watoto wa basi langu. Akakubali, mjinga yule. Nilikaa kivulini nikisubiri wamchukie.

Hawakumchukia. Anapiga kelele, "Makabichi!" na wote wanajitupa chini kati ya viti, wanajikunja, vichwa ndani, kimya kabisa. Wa mwisho kulala anaitwa kiwavi. Kengele imelia, hawataki kwenda nyumbani! Uwingabire wa basi langu, yule mdogo mwenye pengo, ndiye bingwa.

Niyonsenga akaja kunieleza na sehemu ya dereva: kusimamisha basi, kuzima mota, kubaki na watoto. Nikamwambia asante, na akili yangu iko kwenye pudra. Usiku mke wangu Fabiola ameniuliza kama na mimi nimejifunza kulala chini. Nimemwambia dereva halali chini, nani ataendesha? Ameguna.

Ijumaa, 7 Juni

Nimelipata! Mabaluni! Watoto wanapenda mabaluni kuliko mama zao. Nimepita sokoni Birere, nimenunua ya kila rangi kwa pesa ya makala, makaa yetu ya kupikia. Nimepuliza jioni nzima, mashavu yanawaka moto. Fabiola ameuliza makala iko wapi. Nimemwambia iko njiani.

Jumamosi, 8 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa sababu nimeahidi kuandika kila kitu.

Nilijipaka pudra kidogo kwenye nywele alfajiri, nianze na faida. Basi langu lilikuwa zuri mno, mabaluni ubavuni kote, watoto wanaimba madirishani. Wazazi wamejaa uwanjani. Nikataka wote wanione, nikaingia kwa madaha nikisogelea ukuta. Ukuta wa shule ni wa mawe ya volkeno. Yana meno.

Pa! Pa! Pa-pa-pa-pa!

Uwanja mzima ulitawanyika. Prefe alijitupa chini ya meza ya soda. Ndani ya basi wakapiga kelele mara moja tu, "Makabichi!" kisha kimya. Na mimi? Mguu wangu ulikanyaga breki, nashukuru. Baada ya hapo miguu ilikata shauri bila kuniuliza. Nilijikuta jikoni kwa shule, nyuma ya gunia la maharagi, pudra inanichuruzika machoni pamoja na jasho.

Niyonsenga ndiye aliyepanda basi langu, akazima mota, akakaa sakafuni na watoto wangu mpaka ikajulikana ni nini. Kisha nikasikia mlango wa jiko. Alikuwa Uwingabire. Alinishika mkono. "Papa Florent, haiko masasi. Iko mabaluni yako. Kuya, usiogope." Ana miaka sita. Niliona haya mpaka masikio.

Walimmwagia Niyonsenga mpaka akapiga chafya mara nane. Watoto wake, watoto wangu, hata Prefe. Basi jipya ni lake. Nilisema moyoni, kwa shida, kwamba ni haki. Uwingabire alibakiza pudra kidogo akanipaka puani. Alisema, "Na wewe pia uko dereva yetu." Nililia. Nilisingizia pudra.

Jumapili, 9 Juni

Nimetoka misa na akili safi. Nimeyachunguza makosa yangu yote moja moja, nikaona ni kosa moja tu: mabaluni yalikuwa chini mno, karibu na ukuta.

Prefe amesema sherehe ya kufunga mwaka wa shule ni mwezi ujao, na wazazi wote watakuja. Jirani ameniambia kwamba ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, wanauza fataki. Zinapanda juu kabisa, mbali na mawe yote, ndipo zinapasuka kwa rangi. Nitawasha sanduku zima wakati wazazi wameketi. Kitu kilicho juu angani kitamtisha nani?

Fabiola hajajua bado.