Redio Yenye Taa

Amplifaya ya gitaa la Mboje ilikufa, na harusi aliyotakiwa kupiga Lagangabilili ilikuwa Jumamosi. Amplifaya hiyo ilikuwa ile ya kizamani, isiyolia bila vali, vile vichupa vya kioo vinavyowaka wekundu kwa ndani, ambavyo mafundi wa Bariadi huviita taa. Madukani taa hizo zimekwisha. Zimebaki ndani ya redio za marehemu.

Severine wa Somanda alisikia habari hiyo kama nzi anavyosikia bucha. Akamwambia Mboje kwamba Nkoma kuna mjane, Wilhelmina, mwenye redio ya namna hiyo, na kwamba taa zake zina bei ya ndama. Mboje alikubali, ila alimjua mtu wake. Alitoa nusu ya malipo, akashika pikipiki ya Severine rehani. Taa zisipofika kabla ya harusi, pikipiki haidaiwi tena.

"Iendeshe tu, kaka," Severine akasema. "Isije ikashika kutu."

Akaenda Nkoma kwa bodaboda ya kukodi, amevaa koti, kwapani redio ndogo ya sola, shingoni kaning'iniza kitambulisho alichookota stendi, picha imegeukia kifuani.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu Wilhelmina kwa Kisukuma, akimwita mama kwa adabu ya mkwe. Kisha akamweleza kwamba yeye ni mtu wa mradi, kwamba redio kuukuu zinatoa mionzi inayodumaza pamba, na kwamba mwenye kuitoa ya zamani anapewa mpya ya sola. Wilhelmina akakiri kwamba pamba ya mwaka huu kweli ilikuwa aibu.

Kuifungua hiyo redio Severine hakuthubutu. Kijiji kizima kinaamini redio za zamani zina zebaki ya mamilioni. Mgeni mwenye bisibisi asingefika barabarani mzima. Kwa hiyo akauliza kivivu, kama anayepiga miayo.

"Mayu, hiyo redio ina taa?"

"Inayo. Na inawaka."

Wilhelmina akaitoa ikiwa imefungwa kwenye kanga, akaiunga na betri. Nyuma ya namba za stesheni kukawaka mwanga wa manjano, na moyo wa Severine ukawaka nao. Lakini kitu cha marehemu hakitoki mikono mitupu, mjane akasema. Akataka redio ya sola, akataka mbuzi jike, na lile koti pia. Mbuzi akanunuliwa kwa jirani, kwa hela ya Mboje.

Fundi Keneth wa Somanda aliifungua, akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa redio ya transista, isiyotumia vali hata moja. Taa ilikuwemo, moja, ndogo kama punje ya mtama, ya kumulikia namba.

Severine akarudi Nkoma anafoka. Wilhelmina alikuwa kavaa koti.

"Uliuliza ina taa," akasema. "Imeacha kuwaka?"

"Na ile ya vali iko wapi?"

"Ilikuwa chini ya kitanda. Mboje alikuja jana, akasema ukweli kwamba gitaa lake limekufa, nikampa kwa jogoo. Kijana mwema. Alikuja na pikipiki, akasema ni yako." Akamtazama kwa huruma. "Mionzi kaondoka nayo, mwanangu. Pamba itapona."

Jumamosi gitaa lililia Lagangabilili mpaka baba wa bwana harusi akavua viatu.

Severine alipoteza redio ya sola, koti, mbuzi jike na pikipiki. Alibaki na taa moja. Inawaka.