Mwanangu Anarudi, Ila Sijamwambia Mtu

Jumatatu, 7 Septemba

Anarudi. Mwanangu askari anarudi Jumamosi hii, likizo ya wiki mbili, baada ya mwaka mzima ng'ambo na jeshi la kulinda amani. Barua imefika asubuhi. Nimeisoma mara nne, ya nne nikiwa nimesimama, kwa heshima.

Anasema siku za huko zinafanana kama matofali. Saa kumi alfajiri yuko jikoni kambini, anakanda unga wa mikate ya watu mia mbili. Jua likichomoza anakaa juu ya gunia na kikombe chake. Kuna ndege mwenye mguu mbovu huja kuokota makombo, wameshazoeana. Makamanda hawamtazami, lakini mikate wanaisifu. Moyo umetulia, Mama, anasema. Mwishoni ameniomba kitu kimoja. Nisimwambie mtu. Anataka kulala siku tatu, asione mgeni wala unga.

Nitanyamaza. Mimi ni kaburi.

(Niliandike hapa tu: mtaani nilikwisha kusema analinda daraja. Kwa bunduki.)

Jumanne, 8 Septemba

Kunyamaza kunaumiza mbavu. Ila nimepata njia. Mtu akibahatisha mwenyewe, mimi nitakuwa sijasema.

Nimepeleka suruali ya mwanangu kwa jirani yangu fundi cherehani, tunayemwita Sindano kwa sababu ya ulimi wake. Mwanawe yuko mbali, anaendesha lori la mafuta, na hilo lori tumelisikia mpaka tunalijua hata matairi. Nikamwambia aipanue kiuno. Akauliza kumbe mzee wangu ameota kitambi. Nikasema si ya mzee. Akauliza basi ni ya nani. Nikasema siwezi kusema, nikatabasamu kwa maana.

Akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama ninalala vizuri.

Jumatano, 9 Septemba

Mwenye macho haambiwi tazama. Nimetoa godoro la mwanangu, nikalianika mbele ya nyumba, juu yake blanketi lake la jeshi. Nikaketi kando nikisubiri watu waulize.

Hakuna aliyeuliza. Sindano alipita akasimama mbali kidogo, akaondoka haraka. Kufika jioni mtaa mzima unajua nina kunguni. Mwenye duka amenirushia sabuni kupitia dirishani. Mzee wangu amecheka hadi akavua miwani, kisha akalirudisha godoro ndani. Mume mwema, lakini kucheka kwake kunachosha.

Alhamisi, 10 Septemba

Kikundi chetu cha kina mama hukutana kibarazani kwa Sindano. Wenzangu sita walikuwapo, mbali na Sindano mwenyewe. Nilipokaa kwenye benchi, benchi zima likasimama. Sindano akasema, bila kunitazama, kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo uvumilivu uliisha. Nikachomoa barua kifuani, nikampa, nikamwambia asome mwenyewe aone godoro lile ni la nani na kwa nini. Hasira ni hasara. Nilisahau kwamba barua ile haina daraja.

Akaisoma kwa sauti, yote. Unga, gunia, ndege na mguu wake. Alipomaliza akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Dada," akasema, "hilo daraja liko ukurasa gani?"

Walicheka mpaka cherehani ikatikisika. Nami nikacheka, ningefanya nini? Kisha Sindano akajifuta macho. Akasema mwanawe wa lori hajaandika miezi minane, hata salamu, sembuse ndege. Akaniomba asome tena pale pa ndege. Akasoma, safari hii polepole. Halafu akanisogezea kiti chake mwenyewe, chenye mto.

Nimewaapisha wote saba wasimwambie mtu. Wameapa.

Ijumaa, 11 Septemba

Mwenye duka amenipongeza. Mwalimu amenipongeza. Mtu nisiyemjua kabisa amenipongeza.

Sindano ameleta suruali, kaipiga na pasi. Akauliza kwa sauti ndogo, ambayo sikujua anayo, kama anaweza kuonja huo mkate wa mwanangu. Unamkatalia vipi mtu wa namna hiyo? Nikasema aje. Akauliza na wenzetu je. Nikasema waje. Dukani nikataja kwamba mkate huo huliwa na majenerali watatu. Nadhani nilisema watatu. Mwenye duka naye anakuja, na mkewe, na wakwe zake.

Mzee wangu ameniuliza kama nakumbuka mtoto aliomba nini. Nakumbuka vizuri sana. Aliomba asione unga, ndiyo maana kilo thelathini nilizonunua dukani nimezificha chini ya kitanda chake. Kulala atalala, kesho akifika tu. Saa kumi alfajiri ataamka mwenyewe, ameshazoea.

Kuonja mkate ni Jumapili, saa nne asubuhi, mtaa mzima. Kila mtu aje na kikombe chake.