Ukuta wa Mama Aikaeli

Leo nimeaibika nikiwa ndani ya suti. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjatumiwa picha.

Mnajua mimi si mtu wa hivi hivi. Nimefungasha nyanya Uholanzi miaka saba, nikajilipia stashahada ya usimamizi wa miradi bila msaada wa mjomba wala shangazi, nikarudi nyumbani Moshi. (Cheti kipo ukutani sebuleni. Karibuni mkione.) Kwa hiyo chuo kimoja kidogo cha mifugo huku Old Moshi kilipotaka ruzuku ya utafiti, kilimwita nani? Mimi!

Chuo hiki kilishaomba mara mbili kikakataliwa. Mkuu wa chuo aliniambia wazi, "Safari hii tukikosa, walimu wangu hawataandika tena andiko lolote. Wamekata tamaa." Nikamwambia alale usingizi.

Utafiti wenyewe ni mzuri. Kiangazi majani yakikauka, ng'ombe wakilishwa magogo ya migomba yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na majani ya miti ya malisho, je, maziwa yanapungua au yanabaki palepale? Mkuu akanipa jumla za lita, akasema kumbukumbu za kila siku anazo Mama Aikaeli, mhudumu wa banda. Mimi kwenye andiko nikaandika "kanzidata kamili ya mifugo". (Sikwenda kuiona. Nilikuwa na shughuli.)

Andiko likapita! Kilichobaki ni mgeni kutoka kwenye mfuko wa ruzuku kuja kukagua. Siku ndiyo leo.

Saa kumi na mbili asubuhi nimefika, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Nikatazama banda. Aibu! Mbao za ukuta zimejaa mikwaruzo juu hadi chini. Nikadhani ng'ombe wamejikuna pembe. Mama Aikaeli kaenda kukata majani, Mkuu kaenda mjini kumpokea mgeni. Nani wa kuokoa jahazi? Nikavua koti, nikakoroga chokaa, nikapaka ukuta mzima. Ukang'aa kama kanisa siku ya kipaimara. Nikajipiga picha.

Saa nne mgeni akafika, mama mmoja mtafiti, mpole, tunamwita Daktari. Nikafungua kompyuta, nikaonyesha michoro ya rangi.

"Vizuri," akasema. "Sasa naomba zile za kila siku, zilivyoandikwa mwanzo."

Nikageuka kwa madaha. "Mkuu, tuletee rejista."

"Rejista gani? Si hapo ukuta..." Mkuu akaishia hapo. Akautazama ukuta. Akanitazama mimi. Akautazama tena ukuta.

Wakati huohuo Mama Aikaeli akaingia na mzigo wa majani kichwani. Nikakimbilia salamu. "Shikamoo mama!"

Akautua mzigo taratibu.

"Mangi, ukuta wangu umeupeleka wapi?" akaniuliza. (Mangi ni mimi; huku wanaume ndivyo tunavyoitwa kwa heshima.)

Jamani! Kila ubao ulikuwa ng'ombe mmoja, kila mstari siku moja, kila mkwaruzo wa msumari lita moja, kiangazi kizima! Daktari akamuuliza kwa nini hakutumia daftari.

"Daftari ng'ombe alilila. Ubao hali."

Mkuu kakaa juu ya ndoo. Nilitamani kuingia horini.

"Ni chokaa au rangi ya mafuta?" Daktari akaniuliza.

"Chokaa."

"Ya lini?"

"Ya... asubuhi."

"Basi tafuta maji na brashi. Mikwaruzo ya msumari haifutiki."

Nikasugua. Kwa suti! Chokaa ikinichuruzikia hadi kwenye viwiko, wanafunzi wamejipanga na simu, ng'ombe mmoja akinilamba mgongo. Alama zikaanza kutokea moja moja, nyeupe ndani ya mbao nyeusi, zinasomeka kuliko mwanzo! Mama akazihesabu kwa kidole, Daktari akiandika. Ubao wa kwanza, jumla sawa na ya kwenye andiko. Wa pili, sawa. Wa tatu ukawa na pengo.

"Hapa siku tano hakuna kitu," akasema Daktari.

"Aliumwa, akapigwa sindano. Maziwa yake yalikuwa na dawa, tukayamwaga. Niandike yaliyomwagwa ili iweje?"

Daktari akaweka kalamu chini, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. "Mkuu, mtafiti mnaye hapa. Mimi nitawapendekeza. Ila jina la huyu mama liwemo kwenye andiko, na afundishe wenzake wa vyuo vingine." Mkuu akainuka kwenye ndoo, machozi yamemlenga, akampa Mama mikono yote miwili. Walimu wawili wakaanza palepale kubishana utafiti ujao uwe wa mbuzi au wa kuku.

Mimi bado nasugua. Mama akanisogelea.

"Mangi, ulisema una stashahada ya nini?"

"Usimamizi wa miradi, mama."

"Haya. Hapo chini umeruka."

Tafadhali asicheke mtu. Nimepumzika tu kidogo kuandika haya, bado mbao mbili.