Mwamba Nilioufikia Mulanda

Jumatatu, 7 Februari 1966
Kiangazi hapa Mulanda. Ardhi ngumu kama kisigino changu. Kazi: kupiga bamba la chuma kwa nyundo kubwa. Mtikisiko unapita chini, visikizi, vyombo vya waya vilivyochomekwa ardhini mbele, vinaunasa na kuupeleka kwenye mashine. Ukifika upesi, mwamba uko karibu na watu wa barabara watapata kokoto. Mimi napata malengelenge. Taveta, kwetu, ni mbali.

Nyundo ikiinuliwa, kila mpita njia husimama tuli, hata wa baiskeli, maana visikizi hunasa hata hatua za watu. Taaka, muuza uji, ameuliza kama ardhi ya serikali ina homa.

Mpimaji, Bwana Osborn, anataka mtu wa kukaa na mashine chini ya mwavuli. Mimi au Elungat, mwenzangu wa nyundo. Elungat hupiga kama anayeogopa kuamsha mtoto. Kiti ni changu!

Jumanne
Mabega yamekwisha. Nimepata akili. Taaka aweke sufuria yake karibu na kisikizi cha mwisho, na nyundo yangu ikigusa bamba, akanyage chini kwa nguvu, mtikisiko uonekane umefika upesi. Taaka ni mama mzito. Sharti lake: niusifu uji wake mbele za watu. Nimeusifu. Mungu anisamehe.

Nyundo niliiachia tu ianguke. Osborn alitoka mbio akipiga kelele: mwamba, futi nne tu! Akanipa mkono. Elungat akaniuliza, "Wewe jana napiga kama kuku, leo namna gani?" Wivu.

Alhamisi
Osborn amechagua. Elungat hana nguvu za nyundo, basi akae na mashine. Nguvu kama zangu, kasema, ni hasara kuziweka kivulini. Nichimbe pale pa mwamba!

Elungat ananipungia mkono. Ananiita Bwana Tingatinga.

Ijumaa
Futi nne: udongo. Futi sita: udongo. Osborn kasema mashine haikosei, kwa hiyo anayekosea ni mchimbaji. Kesho asubuhi nisipomwonyesha mwamba, nifungashe nirudi Taveta bila kazi.

Nilifikiria kumweleza ukweli. Kidogo tu. Halafu likaja wazo bora.

Nimeazima jiwe la Taaka la kusagia wimbi. Alfajiri nitalishusha shimoni, nilipake udongo. Taaka ameuliza, je, Bwana akiona lile bonde lililochimbika kwa miaka ya kusaga?

Nimemjibu nitalilaza kifudifudi. Wengine hawafikirii mbele kabisa.