Mvua Iliyoanza Kiutawala

Wananchi wote walitangaziwa kwamba msimu wa mvua ungeanza Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, na wasiokuwa na miavuli walishauriwa wajitafutie mapema. Tangazo hilo niliandika mimi. Lilikuwa na aya saba na halikuwa na kosa hata moja la herufi.

Mvua zilikuwa zimetupa mgongo kwa misimu miwili, na Waziri wetu, mtu wa vitendo, aliona sasa imetosha. Aliunda Kamati ya Taifa ya Kuanzisha Mvua, mwenyekiti akiwa yeye na katibu nikiwa mimi. Baada ya vikao vinne tuligundua tatizo: mvua zilikuwa hazijapangiwa tarehe.

Nusura tuharibiwe kazi na mtabiri wa hali ya hewa, mama mmoja mwembamba ambaye wizara nzima ilimwita Kipimajoto. Alikuja kikaoni na ramani ya bahari, upande mmoja umepakwa rangi nyekundu. Alisema maji ya upande ule wa mbali yamepata joto kupita kawaida, kwa hiyo hewa yenye unyevu inapanda huko na kunyesha huko huko. Ikishamaliza maji yake inakuja kushuka juu yetu, na hewa inayoshuka haijengi wingu. Hata zile pepo za msimu zinazovuta unyevu kutoka baharini hadi nchi kavu zilikuwa zimelegea.

Mjumbe mmoja aliuliza kama mambo hayo hayawezi kuisha kufikia Ijumaa. Kipimajoto akamjibu kwamba hewa hubadilika kwa siku chache, lakini bahari ni nzito; inachelewa kupata joto na inachelewa kupoa, ndiyo maana ukame wa namna hii huweza kukaa miaka.

Waziri alisikiliza kwa makini, kisha akauliza bahari hiyo iko chini ya wizara gani. Ikaonekana ni ya Uvuvi. Tuliwaandikia tukiwataka wairudishe katika joto lake la kawaida ndani ya siku kumi na nne. Walijibu upesi, jambo lililotutia wasiwasi, kwamba wao wanahusika na samaki, na joto la maji si lao. Basi kamati ikaazimia kwamba ukame unaoletwa na bahari isiyo na mwenyewe hauwezi kuwa ukame wetu.

Kipimajoto alisimama. "Mheshimiwa, wakulima wakisikia tangazo hili watapanda. Mbegu itafia ardhini. Mwakani watapanda nini?"

Waziri alimwambia anakatisha watu tamaa. Jioni hiyo alihamishiwa ghorofa ya chini, kwenye chumba kilicho chini ya ngazi, akapokee simu za wananchi. Mahali hapo nilipendekeza mimi. Nilijiona nimemfanyia hisani, kwani wengine walitaka apelekwe stoo.

Ijumaa dada yangu mkubwa alinipigia. Yeye ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na analima hadi leo. Mbegu yake yote ilikuwa magunia mawili, na alitaka kujua apande au asipande. Nilimsomea tangazo, aya ya kwanza mpaka ya saba.

"Hilo nimelisikia redioni," akasema. "Nakuuliza wewe, mdogo wangu."

Nilitazama mlango. Ulikuwa wazi, na viatu vya Waziri vilisikika koridoni. Nikamwambia kwa sauti rasmi kwamba swali lake ni la kiufundi, na maswali ya kiufundi hupokelewa ghorofa ya chini. Nikampa namba. Niliirudia mara mbili, polepole, mpaka akamaliza kuiandika.

Dada alipiga. Kisha aliwaambia majirani, nao wakawaambia wakwe zao. Siku mbili zile simu ya chini ya ngazi haikupumzika, na Kipimajoto aliwajibu wote sawasawa: mahindi yabaki ghalani, panda mtama kidogo bondeni, funika udongo kwa majani.

Jumatatu, saa mbili kamili, wajumbe tisa tulisimama uwanjani na miavuli tisa. Anga lilikuwa jeupe kama sahani. Ilipofika saa tatu na nusu, Waziri alitangaza kwamba mvua imeanza kiutawala, na kwamba sehemu ya maji itafuata.

Baadaye niliagizwa kukusanya idadi ya wakulima waliotii tangazo. Nilipitia taarifa za kila kata. Alikuwa mmoja. Msimamizi wake alikuwa amemwaga mbegu yote kwenye ekari mia mbili, kwani hakuna aliyethubutu kumwambia Waziri kwamba shamba la Waziri lisubiri. Mahindi yalichungulia, yakaona hali ilivyo, yakakauka.

Mwaka uliofuata bahari ilianza kupoa. Kipimajoto akaanza kuwaambia wapigaji waandae mashamba, maana pepo zilikuwa zinarudi. Ofisi za juu hazikujua lolote. Waziri alimwita apande ghorofa ya tatu. Akajibu kwamba hawezi kuiacha simu, ina watu. Hatimaye Waziri alipiga mwenyewe, nami nimesimama kando yake. Alisubiri dakika arobaini.

"Unapiga kama nani?" Kipimajoto aliuliza.

Waziri alinitazama. Nikatazama dirishani.

"Kama mkulima," akasema.

Kipimajoto alimpa tarehe ya kupanda bila maringo, kisha akamuuliza kama ana mbegu. Waziri hakuwa nayo. Kipimajoto akamweleza kwamba waliotunza mbegu wamekubaliana kumgawia kila aliyekosa, mradi aje mwenyewe na jembe, awasaidie kuchimba mifereji siku mbili.

"Siwezi kutuma mtu?"

"Aje mwenyewe, wamesema."

Waziri alikwenda Alhamisi, akarudi Jumamosi na gunia moja, viganja vimevimba malengelenge hata kalamu haishiki. Katika daftari la ratiba niliiandika safari hiyo kuwa ziara ya kikazi. Nimeandika ziara za namna hiyo zaidi ya mia mbili, na hii ndiyo ya kwanza iliyokuwa na kazi.