Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Jumatatu, 10 Julai 1995

Barua kutoka Dar! Imekuja na basi la Mwanza, na kondakta ameikalia njia nzima. Mhariri wangu, Bwana Anatoli wa gazeti la Zinduko, anasema wanataka kuajiri mwandishi mmoja wa siasa wa kudumu kwa wilaya hizi za pamba. Kitambulisho chenye picha. Kinasa sauti. Na jina juu ya habari! Miaka miwili naandikia Zinduko na kila habari inatoka "Na Mwandishi Wetu, Bariadi". Mama yangu kule Ipililo anaamini hadi leo kwamba huyo Mwandishi Wetu ni mtu mwingine, na kwamba ananizidi bidii.

Sharti ni moja: habari ya ukurasa wa kwanza kabla mwezi haujaisha. Ninayo tayari. Mzee Bujiku, kiongozi wa ushirika wa pamba na nguzo ya chama tawala tangu sisi tukiwa watoto, atahutubia Kasoli Jumamosi. Inasemekana anahamia chama kipya. Akihama yeye, nusu ya wilaya inahama. Nilimnong'oneza mke wangu Felisita kama siri kubwa. Akasema ameisikia juzi kisimani, Mhoja ameshaiimba.

Mhoja! Manju wa ngoma, hata kusoma hajui. Mimi nikiandika, gazeti linafika hapa siku ya tatu limechakaa. Yeye akitunga wimbo asubuhi, jioni unaimbwa Kasoli, kesho yake Sola. Huo si ushindani wa haki.

Jumanne, 11 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Bujiku. Nikamsalimia Kisukuma, Mwangaluka, baba, kwa adabu zote, kisha nikatoa kitambulisho changu. (Nimekitengeneza mwenyewe. Mhuri ni wa kwaya ya parokia, lakini ukikirudisha mfukoni haraka hausomeki.) Akanikaribisha maziwa mgando. Akaniuliza ukoo wangu, ukoo wa mama, na kwa nini marehemu baba aliuza lile dume jeusi mwaka wa njaa. Kila nikigusa siasa, yeye anagusa ng'ombe. Saa moja na nusu! Mwishoni akasema nisubiri Jumamosi kama watu wengine.

Kwenye daftari nimeandika: hakukanusha. Siku njema kabisa.

Jumatano, 12 Julai

Mpango umenijia nikiwa nanyoa ndevu. Adui wangu ni Mhoja. Nikimlisha uongo, ataimba uongo. Jumamosi ataumbuka mbele ya umati, na kuanzia siku hiyo wilaya nzima itasubiri gazeti.

Nilimkuta anakausha ngoma zake juani. Nikampa ugoro. Nikasogea karibu, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Bujiku hahami popote, ila anaacha siasa kabisa na kurudi kuchunga. Bujiku, kuacha siasa! Kicheko kilinibana hadi nikajifanya nakohoa. Mhoja alinishukuru sana. Kisha akaniuliza jina langu kamili, la baba na la babu. Nikampa yote, tena nikamtamkia polepole. Mtu anayeheshimu kalamu unamjua tu.

Ijumaa, 14 Julai

Maandalizi. Simu ya Dar ni ya posta ya Bariadi peke yake, na karani amekubali kunisubiri kesho hadi saa kumi. Mkutano unaanza saa nane. Kwa baiskeli yangu, yenye pedali moja na kipande, natakiwa niwe nimeshaondoka Kasoli saa nane na nusu. Kwa hiyo Bujiku ana nusu saa ya kuhama.

Felisita ameuliza kwa nini nisimsikilize mzee hadi mwisho, simu nikapiga Jumatatu. Mke mwema, lakini damu ya gazeti hana.

Jumamosi, 15 Julai

Ushindi!

Uwanja ulijaa pomoni. Chama tawala walikaa upande wa ghala la ushirika. Chama kipya walikaa ng'ambo, kwenye mizani ya wale wanunuzi binafsi wa pamba waliokuja mwaka jana. Kila chama kimeleta ngoma yake kuvuta watu: chama kipya Mhoja, chama tawala wachezaji kutoka Sola. Mzee Bujiku alikuwa meza kuu, upande wa ghala. Mimi nilichagua kibanda cha Milembe, muuza supu, kwa sababu za kikazi. Kina kivuli na unaona uwanja wote, ingawa kwa mbali kidogo.

Saa nane na dakika ishirini, nikiwa bakuli la pili, ukelele! Nikainua kichwa. Upande wote wa ghala umesimama na unakimbilia kwenye mizani! Viti chini, bendera chini. Na mbele yao wote nani? Mzee Bujiku mwenyewe, kofia mkononi, umri wa miaka sabini, anachapa mbio kama kijana. Sijawahi kuona mtu akihama chama kwa hamu namna ile.

Nini kingine cha kusubiri? Hotuba ni maneno tu. Niliacha supu, nikapanda baiskeli. Saa kumi kasoro dakika tano namsomea Anatoli kwenye simu: "Bujiku ahama na maelfu." Akaniuliza mara mbili kama nimeona mwenyewe. Nikamjibu kwa macho yangu haya. Akasema hii inakwenda mbele, na safari hii itabeba jina langu ili kila mtu ajue ya nani.

Nimelala chali kitandani natabasamu.

Jumapili, 16 Julai

Felisita alikuwa Kasoli jana na akina mama wa parokia. Amenisimulia wakati wa chakula, bila haraka, huku akiniangalia.

Wale wachezaji wa Sola wanacheza na chatu. Chatu alitoka kwenye gunia kabla ya zamu yake, akachagua kwenda meza kuu. Ndipo watu wakakimbia. Alipokamatwa, wote walirudi kwenye viti vyao, Bujiku akiwa wa kwanza. Akashika kipaza sauti akasema amezeeka, vyama viwili vinamvuta kama ngozi ya ng'ombe, hataki hiki wala kile. Anaacha siasa. Anarudi kuchunga.

Na Mhoja, anasema Felisita, alikuwa na wimbo wake tayari, beti nne. Watu walishangaa amejuaje.

Niliomba ugali zaidi. Habari ya mwaka nilikuwa nayo Jumatano, nikampa mpinzani bure, na ugoro juu! Imeniuma hadi kwenye meno.

Jumatatu, 17 Julai

Nimekwenda posta kumwambia Anatoli azuie. Foleni ndefu. Nikiwa foleni nikafikiri vizuri. Wazee hubadili mawazo. Huenda Bujiku akahama wiki hii hii, nami nikawa mtu wa kwanza kuliona jambo. Nikatoka kwenye foleni. Nyumbani nikapiga usingizi mzuri.

Jumatano, 19 Julai

Gazeti! Ukurasa wa kwanza! Na Selestini Nyanda, Bariadi! Jina langu kwa wino! Nimenunua nakala sita, moja imeshakwenda Ipililo kwa mama.

Sokoni watu walianza kuimba niliponyanyua gazeti. Ni wimbo mpya wa Mhoja. Unamtaja Selestini, mwana wa Nyanda, mjukuu wa Mboje, aliyeketi kwenye supu akaandika mbio za chatu. Inaelekea Milembe amesema maneno. Lakini tuwe wakweli: wimbo una sauti nzuri, na babu yangu hajawahi kutajwa hadharani tangu azikwe.

Alhamisi, 20 Julai

Jioni Mzee Bujiku akaniita. Safari hii hakuna maziwa. Macho yamemwiva. Alisema chama kipya wamemletea kadi na msafara wa watu thelathini, wakala ndama. Chama tawala nao wakaja kumhoji hadi asubuhi, wakala ndama wa pili. Hajachunga hata siku moja. Hakunigombeza. Alisema: "Mwanangu, andika tu kwamba nimeacha siasa, watu waniache na ng'ombe wangu." Niliona aibu ya kweli. Nilimwahidi. Aibu ilinisindikiza hadi karibu na mto.

Ijumaa, 21 Julai

Telegramu ya Anatoli. Vyama vyote viwili vimelalamika. Anataka marekebisho mafupi yafike kwake Jumatatu, ukweli mtupu. Yakifika safi, bado ananifikiria kwa ile ajira. Yasipofika, basi.

Nimekaa na karatasi tangu mchana. Niandike kwamba niliona chatu nikadhani siasa? Jina langu lina siku mbili tu gazetini! Na mama ameshaonyesha nakala yake kanisani.

Saa kumi na moja ikanijia, safi kabisa. Gazeti limesema Bujiku amehama. Bujiku anasema ameacha siasa. Kwani yanapingana? Mtu anaweza kuhama Jumamosi, akachoka Alhamisi. Nimeandika: "Bujiku atosa chama kipya baada ya siku tano, arudi kuchunga." Habari zote mbili zinasimama, ahadi yangu kwa mzee nimeitimiza, na huo nao ni ukurasa wa kwanza! Nimeikabidhi kwa kondakta na kumwomba asiikalie.

Felisita ameuliza kama nimemsomea Mzee Bujiku kwanza. Nimemwambia hakuna haja, gazeti likifika atasoma mwenyewe.